Twende Lini? Historia ya Siku za Msongamano kwa Familia ya Lubaga

Utangulizi

Tarehe 26 Desemba 2014 nilimpoteza mdogo wangu katika bustani moja ya burudani mjini Kampala. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 11, yeye miaka 5. Maama alikuwa kwenye foleni ya tiketi za bembea, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kumshika mdogo wangu mkono. Watu wakasukumana, mkono ukaniponyoka. Tulimtafuta kwa karibu saa mbili. Hatimaye tulimkuta langoni, ameketi juu ya kigoda cha mama mmoja muuza njugu, anakula njugu bila wasiwasi. Aliyekuwa analia ni mimi. Siku hiyo hatukupanda bembea hata moja, na jioni tulisimama Kibuye hadi giza likaingia kabla ya kupata taksi.

Tangu hapo, nyumbani kwetu Lubaga kuna swali linalorudi kila mwaka ifikapo Novemba: twende lini? Watoto wanataka kwenda, fedha ni kidogo, na hakuna anayetaka kurudia siku ile. Kila mtu ana ushauri wake. Mmoja husema twende Januari, mwingine husema twende katikati ya wiki, wa tatu husema tusiende kabisa.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba swali hilo, ingawa linaonekana kuwa la nyumbani tu, ni swali la historia. Msongamano wa watu si kama mvua ya masika inayokuja yenyewe. Ulipangwa na wafalme, wamisionari, watunga sheria na wasimamizi wa shule, kila mmoja kwa wakati wake. Nitaeleza jinsi ulivyopangwa, nitataja siku zenye nafasi, kisha nitauliza ni nani hasa anayeweza kuzitumia siku hizo.

Kilima cha Lubaga na neno Ssekukkulu

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya kuanzia kwenye neno. Waganda huiita Krismasi Ssekukkulu, na neno hilo limetokana na "sikukuu". Sikukuu kubwa kabisa ya Kikristo katika nchi yetu inaitwa kwa neno lililoletwa na wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani.

Wafanyabiashara hao walifika Buganda wakati wa Kabaka Suuna II, na kwa kawaida hutajwa mwaka 1844 kuwa mwaka wa kufika kwa Ahmad bin Ibrahim. Mwanawe Suuna, Mutesa I, alijifunza Uislamu, na kuanzia mwaka 1867 hivi aliifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Henry Morton Stanley alipofika Buganda mwaka 1875, ikulu ya Mutesa ilikuwa hapa Lubaga. Hivyo, kabla kilima chetu hakijajulikana kwa kengele za kanisa, kilikuwa kilima cha mfalme aliyejua kungojea mwezi mwandamo.

Wamisionari wa Kikatoliki walifika Februari 1879. Mwaka 1889 Kabaka Mwanga aliwapa kilima cha Lubaga. Ujenzi wa kanisa kuu la Mtakatifu Maria ulianza mwaka 1914, na kanisa likawekwa wakfu tarehe 31 Desemba 1925. Ukisimama leo uani kwake usiku wa Krismasi, unaona jinsi jengo moja linavyoweza kuwaamuru maelfu ya watu wawe mahali pamoja, saa ileile. Namirembe, kilima cha jirani, kinafanya vivyo hivyo kwa Waanglikana.

Si kila umati wa eneo letu ulikuwa wa furaha. Kati ya 1885 na 1888 Mwanga aliwaagiza watu kuchimba ziwa karibu na Mengo, ambalo leo tunaliita Ziwa la Kabaka. Machifu walilazimishwa kufika pamoja na watu wao, na manung'uniko ya kazi hiyo yalichangia kupinduliwa kwake mwaka 1888. Leo familia huenda kandokando ya ziwa hilo kupunga upepo siku za Jumapili. Babu zao wengine walikwenda pale kwa amri. Namkumbuka Mwanga kila ninapofikiria msongamano, kwa sababu anatukumbusha kwamba watu wakijaa mahali pamoja kwa siku moja, mara nyingi yupo aliyewapangia.

Sheria ya Uingereza na tarehe 26 Desemba

Krismasi yenyewe haijazi bustani za burudani. Siku hiyo watu wa Lubaga huenda kanisani asubuhi, kisha hurudi nyumbani kula matooke na kuku. Bustani hujaa kesho yake. Kwa nini tarehe 26?

Jibu liko mbali na Uganda. Mwaka 1871 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mapumziko ya benki, iliyopelekwa bungeni na Sir John Lubbock. Kwa England, sheria hiyo ilitaja siku nne: Jumatatu ya Pasaka, Jumatatu baada ya Pentekoste, Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na tarehe 26 Desemba. Kwa siku hizo wafanyakazi wa mijini walipata mapumziko pamoja, reli zikawabeba pamoja, na miji ya pwani kama Brighton na Margate ikafurika. Yaani sheria ya kuwapumzisha watu ilizaa foleni.

Uganda iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1894, na desturi za ofisi za Waingereza zilikuja na ofisi zenyewe. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962 tulibaki na mbili kati ya siku zile nne: Jumatatu ya Pasaka na tarehe 26 Desemba. Hizo ndizo siku mbili ambazo makondakta wa taksi za Entebbe hukutajia bila kufikiri ukiwauliza ni lini hawapati nafasi ya kupumua. Niliwauliza watatu pale Kibuye. Wote watatu walitaja 26 Desemba kwanza, wawili wakaongeza Jumatatu ya Pasaka, na mmoja akasema, "Na Idi Mosi, hapo hata mlango haufungiki."

Idi ina hesabu yake. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka Idi hurudi nyuma kwa siku 11 hivi. Idi inayoangukia ndani ya likizo ya shule hukusanya watoto wa dini zote, kwa sababu wote wako nyumbani. Idi ya katikati ya muhula hukusanya watu kwa siku moja tu, kisha kila mtu hurudi kazini. Anayepanga matembezi bila kutazama kalenda ya mwezi anaweza kujikuta kwenye foleni asiyoitarajia.

Zipo pia siku za taifa zinazofunga ofisi bila kujaza bembea. Tarehe 3 Juni ni Siku ya Mashahidi wa Uganda, na umati wake huenda Namugongo kuhiji. Sisi wa Lubaga tunauona njiani, maana mahujaji wanaotoka magharibi kwa miguu huja kwa barabara ya Masaka kupitia Busega na Nateete. Tarehe 26 Januari, tarehe 16 Februari ambayo ni kumbukumbu ya Askofu Mkuu Janani Luwum, tarehe 8 Machi, na tarehe 9 Juni hazina desturi ya kuwapeleka watoto matembezini. Siku ya mapumziko hujaza bustani pale tu inapokutana na mazoea ya familia na fedha mfukoni.

Kengele ya shule

Mpangaji mwingine wa msongamano ni shule. Tangu wamisionari waanzishe shule kama ile ya Mengo mwaka 1895, utoto katika Buganda ulianza kugawanywa kwa mihula. Mwaka wetu wa masomo una mihula mitatu, na likizo zake huangukia Mei, kati ya Agosti na Septemba, na kati ya Desemba na Januari. Wazazi wote wa nchi nzima huambiwa siku moja kwamba watoto wanarudi nyumbani, na siku moja kwamba wanaondoka.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kwenda siku ya shule. Nilidhani hivyo. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilikwenda Entebbe siku ya Alhamisi katika muhula wa pili, nikitegemea utulivu. Nilikuta mabasi ya shule yamepangwa kutoka langoni hadi barabarani, na watoto wenye sare za kila rangi wakifuatana wawili wawili. Shule nazo zinahitaji siku za kazi kwa ziara zao. Kwa hiyo katikati ya muhula asubuhi si tulivu, ila baada ya saa nane mchana mabasi huanza kuondoka.

Ukiziweka pamoja kalenda hizi, ya kanisa, ya mwezi, ya serikali na ya shule, unaona mianya michache. Wa kwanza ni wiki ya pili na ya tatu ya Januari, siku za Jumanne hadi Alhamisi. Watoto bado wako likizo, shule haziwezi kuleta mabasi, na sikukuu zimekwisha. Wa pili ni siku za kazi za mwisho wa Agosti. Wa tatu ni siku za kazi za likizo ya Mei, ingawa mvua ya masika inaweza kuwa bado haijaisha. Na kama huna budi kwenda siku yenye watu, saa mbili za kwanza baada ya lango kufunguliwa hutofautiana sana na saa za mchana.

Mahali wanapokwenda watu

Kwa muda mrefu "kutembea" kwa mtu wa Kampala kulimaanisha Entebbe. Bustani ya mimea ya pale ilianzishwa mwaka 1898. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilifungua makao ya wanyama yatima, ambayo baadaye yakawa bustani ya wanyama, na mwaka 1994 yakageuzwa kuwa kituo cha elimu ya wanyamapori. Watoto wa rika langu walimjua Zakayo, sokwe mzee wa pale, kama walivyomjua mzee wa mtaani. Alipokufa Aprili 2018, mdogo wangu alihuzunika kama aliyefiwa na jirani. Kando ya kituo hicho kuna fukwe za ziwa, na hapo ndipo vijana hujaa siku za Idi na Krismasi.

Bustani za bembea na mashine zilikuja baadaye. Iliyojulikana zaidi ilikuwa Kansanga, ikiitwa Didi's World na baadaye Wonder World. Kuja kwake kulibadilisha jambo moja: mtu wa Kampala hakuhitaji tena kusafiri hadi ziwani ili mtoto aseme shuleni kwamba "alikula Ssekukkulu". Nasi Waswahili tunasema kula sikukuu. Katika lugha zote mbili sikukuu ni kitu cha kuliwa, na asiyekila hubaki na njaa ya aina yake.

Barabara nayo imechangia. Juni 2018 ilifunguliwa barabara ya kasi ya Kampala hadi Entebbe, ambayo mwanzo wake uko Busega, ndani ya Lubaga yetu. Tozo ilianza kutozwa Januari 2022. Mwenye gari anaweza kutoka Busega akafika Entebbe mapema, wakati abiria wa taksi bado wako kwenye foleni ya barabara ya zamani. Hivyo watu wa mtaa mmoja, siku moja, hawakutani na msongamano uleule.

Miaka ambayo umati ulizuiwa

Tarehe 20 Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona. Baadhi ya madarasa yalirudi kwa zamu, yakafungwa tena Juni 2021, na shule zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Krismasi mbili zilipita chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Kwa familia yangu ilikuwa miaka ya utulivu uliopindukia. Hakukuwa na foleni, lakini hakukuwa na pa kwenda.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 31 Desemba 2022. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu watu waliweza kuupokea mwaka mpya nje ya nyumba zao. Katika jumba la maduka la Freedom City, barabara ya Entebbe, umati ulitoka kwenda kutazama fataki saa sita usiku na watu wakakanyagana katika njia nyembamba. Polisi walitangaza asubuhi yake kwamba watu tisa wamekufa. Wengi wao walikuwa watoto na vijana.

Habari hiyo ilipotangazwa redioni, Maama alizima jiko, akaja kukaa karibu na mdogo wangu ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 13. Hakusema neno. Nilijua anafikiria nini, kwa sababu mimi pia nilikuwa nafikiria mkono ulioniponyoka. Sisi tulipoteza saa mbili tu. Tukio lile linatufundisha kwamba kuchagua siku na saa si suala la kukwepa usumbufu pekee. Umati uliozuiwa muda mrefu hurudi kwa nguvu, na wanaoumia kwanza ni wadogo.

Nani anaweza kuchagua?

Sasa nifikie jambo ambalo ushauri wa "nenda Januari" haulitaji. Maama anauza nguo za watoto za mitumba, au mivumba kama tunavyosema Kampala, katika soko la Owino. Desemba ndiyo mwezi wake wa mavuno, kwa sababu kila mzazi anataka mtoto avae nguo mpya ya Ssekukkulu. Kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba hadi usiku wa tarehe 24 hatumwoni nyumbani isipokuwa amelala. Tarehe 25 na 26 soko hupoa. Hizo ndizo siku zake mbili za mwaka zenye fedha mkononi na mikono mitupu.

Januari hali hugeuka. Wateja hawapo, na ada ya muhula wa kwanza inadaiwa. Ndiyo maana bustani ni tupu: si kwamba watu hawajui kuwa Januari kuna nafasi, ni kwamba hawana fedha. Kalenda ya fedha na kalenda ya utulivu zinapingana. Mfanyakazi wa ofisini mwenye likizo ya malipo anaweza kuchagua Jumanne anayoitaka. Muuza mitumba, fundi wa gereji ya Ndeeba na msichana wa kazi za nyumbani wamechaguliwa siku. Tunapowacheka watu wanaobanana langoni tarehe 26, tunawacheka watu wasio na siku nyingine.

Nilimweleza Maama hesabu yangu ya Januari. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, hesabu yako ni nzuri. Hiyo fedha ya Januari umeihesabu?" Tulikubaliana kwamba kila Jumamosi ya Desemba atatenga kiasi kidogo na kumpa Jajja akitunze, kwa kuwa Jajja haombwi fedha na mtu akafanikiwa.

Jumanne ya pili ya Januari iliyopita tulikwenda Entebbe, ndani ya gari la kojja, kupitia Busega. Tulikuwa mimi, Maama, Jajja, mdogo wangu, na watoto wawili wa senga. Lango lilikuwa wazi na foleni haikuwepo. Watoto walikaa mbele ya simba kwa muda walioutaka, hakuna aliyewasukuma. Maama aliketi chini ya mti akavua viatu. Mdogo wangu, ambaye sasa ananizidi kimo, aliwashika watoto wa senga mkono kila mmoja upande wake bila kuambiwa.

Ni Jajja peke yake aliyekuwa anaangaza macho huku na huku. Mwishowe akaniita: "Mjukuu wangu, mbona hakuna watu? Tumekuja sikukuu au tumekuja kumtazama mgonjwa?"

Tulicheka, lakini swali lake lilinirudia usiku. Kwa Jajja, aliyelelewa chini ya kengele za Lubaga, watu wengi ndiyo sikukuu yenyewe. Ukiwaondoa watu, unabaki na simba na mti.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba siku za msongamano zina waliozipanga: wafanyabiashara na wamisionari walioleta sikukuu, sheria ya 1871 iliyoleta tarehe 26, na shule zilizoleta likizo moja kwa watoto wote. Kilichopangwa kinaweza kupangwa upya. Ufaransa huigawa nchi katika kanda tatu ili likizo za shule za majira ya baridi na ya kuchipua zisianze kila mahali siku moja. Uganda nayo iliweza kuwarudisha wanafunzi kwa zamu wakati wa korona. Kama tuliweza kwa sababu ya ugonjwa, tunaweza kulifikiria pia kwa ajili ya usalama wa watoto barabarani na malangoni, badala ya kuiachia kila familia ijitafutie mwanya wake.

Nyumbani kwetu tumepata jibu la muda. Tarehe 25 ni ya watu: misa Lubaga, chakula, majirani, kelele zote ambazo Jajja anazihitaji. Bembea na simba ni vya Januari, kama akiba ya Desemba itakuwepo. Mwaka ambao haitakuwepo, Maama atataka kuwapeleka watoto tarehe 26 kama wengine, nami sitamzuia. Tutatoka asubuhi na mapema, tutaondoka kabla ya saa saba mchana, na nitamshika mtoto mkono.